MSHALE WA MAFUTA SI SHAHIDI WA KUTOSHA
Magari yaliyobadilishwa na hesabu za mafuta za Chama

Gari la Chama linaposhusha kahawa ya wanachama Moshi na kukwea tena kwa njia ya Himo na Marangu hadi Mkuu, Katibu huandika mambo mawili katika kitabu cha safari: kilometa zilizokwendwa na mafuta yaliyotumika. Mara nyingi hesabu ya mafuta hupatikana kwa kuutazama mshale wa geji tu. Mshale ukilala chini kuliko ilivyotazamiwa, dereva huitwa kujieleza mbele ya Bodi, na pengine hukatwa mshahara. Kabla ya kufikia hatua hiyo, yapasa kuuliza: je, gari hilo bado lina tangi na geji lililotoka navyo kiwandani?

Ndani ya tangi mna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba. Boya linapopanda au kushuka, mkono hubadilisha ukinzani wa umeme uendao kwenye geji, na mshale hufuata. Basi mshale haupimi lita. Hupima kimo cha boya. Kiwanda ndicho kilicholinganisha kimo hicho na lita za tangi lile, kwa umbo lake lile. Fundi akibadilisha kimojawapo, ulinganifu huo huvunjika.

Tuchukue mfano. Tangi la lori limetoboka, na badala yake limefungwa pipa la lita 200 lililolazwa ubavu. Boya likiwa kwenye robo ya kimo, mshale huonyesha robo, na Katibu huandika lita 50. Lakini pipa la mviringo ni jembamba upande wa chini; kwenye robo ya kimo mna lita 39 tu. Asubuhi pipa likijazwa, hupokea lita 161 badala ya 150. Lita 11 zaonekana zimepotea usiku, na mlinzi au dereva atashukiwa wizi, ilhali hapana aliyeiba hata tone.

Hatari ya pili ni kuchanganya vifaa. Boya la aina moja hutoa ukinzani wa omu 240 tangi likiwa tupu na omu 33 likijaa. Aina nyingine hutoa omu 10 likiwa tupu na 180 likijaa. Boya la aina ya kwanza likiunganishwa na geji ya aina ya pili, tangi tupu litaonyesha kuwa limejaa, na gari litazimika njiani na mzigo wake.

Tatu, tangi la akiba likiongezwa, mara nyingi geji huendelea kusoma lile la kwanza peke yake. Nne, tangi likifungwa upya juu ya mpira au rangi nene pasipo waya wa kulishikiza na chuma cha gari, umeme hukosa njia nzuri ya kurudi, na mshale husema uongo. Tena magurudumu makubwa huidanganya hesabu kwa upande mwingine: gurudumu likizidi kipenyo cha zamani kwa sehemu moja katika kumi, gari litakwenda kilometa 110 na mita itaandika 100. Dereva ataonekana mharibifu wa mafuta bila kosa.

Hata gari lisilobadilishwa halisomi sawasawa likiwa limesimama kwenye mteremko, na kwetu tambarare ni chache.

Dawa yake ni nyepesi. Gari lisimame mahali palipo sawa, penye hewa, mbali na moto na sigara. Tangi liondolewe mafuta karakanani, kisha lijazwe kwa kipimo kilichohakikiwa, lita 20 baada ya lita 20. Kila mara kijiti kikavu kitumbukizwe wima hadi chini na kutiwa alama, na mahali mshale ulipo paandikwe. Orodha hiyo itiwe sahihi na Katibu, dereva na mjumbe mmoja wa Bodi. Nakala ibandikwe ndani ya gari. Kazi hiyo irudiwe kila tangi, boya au geji inapobadilishwa.

Kwa hesabu za safari, njia iliyo bora ni kujaza tangi pomoni kabla ya kuondoka na kulijaza tena gari lirudipo, mahali pale pale. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika, na stakabadhi ni ushahidi.

Mwizi wa mafuta ya Chama huiba jasho la wakulima, naye asionewe huruma. Lakini kumhukumu mtu kwa mshale uliopotoka ni kumdhulumu mwenzetu, na humwacha mwizi wa kweli, akiwapo, ajifiche nyuma ya geji mbovu. Ndugu Katibu, pima kwanza, ndipo uandike.