Nyumba za Tana ni Kamusi Isiyoandikwa

Waingereza huienzi nyumba kongwe ya mkulima. Tangu sheria yao ya mipango ya mwaka 1947, majengo ya kale huorodheshwa, na mwenye nyumba iliyoorodheshwa, hata iwe ya shambani yenye boriti za mwaloni na paa la nyasi, hawezi kuibomoa bila idhini. Sisi nasi tuna Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006. Hata hivyo, tutajapo turathi ya ujenzi, fikra zetu hukimbilia mawe: Mji Mkongwe wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, au magofu ya Ungwana karibu na Kipini, aliyoyachimbua James Kirkman katika miaka ya 1950. Nyumba ya nyasi ya Garsen haimo katika hesabu.

Nadai kwamba inastahili kuwamo. Nyumba ya jadi ya Waorma hujengwa na wanawake. Fito hupindwa zikafanya kuba, kisha kuba hilo likafunikwa kwa nyasi au mikeka. Wafugaji wakihama kufuata malisho, makao huweza kufunguliwa na kuhamishwa. Nyumba ya asili ya Wapokomo ilikuwa ya msonge, nyasi zikishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, nayo ikisimama penye kingo zilizoinuka, jirani na migomba na mpunga. Asiyeijua Tana ataona ufukara. Lakini mto huu hufurika, na mafuriko hayo ndiyo yaletayo rutuba ya shamba na majani ya mifugo. Nyumba inayojengeka upya kwa vitu vilivyo karibu, au inayohamishika, ni jibu la busara kwa mto usiotulia.

Kwa mwanaisimu, kila sehemu ya nyumba ni neno, na kila neno lina historia. Dirisha tulilipokea kutoka Kiajemi na meza kutoka Kireno, ilhali nyumba na mlango ni mali yetu ya Kibantu. Waingereza nao neno lao la dirisha walilitwaa kwa watu wa Skandinavia, na maana yake ya awali ni jicho la upepo. Sasa tazama Tana: Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, na Kiorma ni lugha ya Kikushi. Tukiilinganisha misamiati yao ya fito, paa na kizingiti, huenda tukagundua nani alijifunza nini kwa jirani yake.

Lakini muda unayoyoma. Niwaulizapo wanafunzi wangu sehemu za nyumba ya kuezekwa, wengi hutaja ukuta, mlango na paa, wakanyamaza. Pau, kombamoyo na kiambaza wanayakuta kamusini. Ikiwa ndiyo hali ya Kiswahili chenye makamusi, Kipokomo na Kiorma je? Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, kisha ya 2023 na 2024, yalisomba makao ya watu. Ghasia za 2012 na 2013 ziliteketeza mengine. Aliyepoteza nyumba hujenga kwa bati akilipata, nami simlaumu. Bati halishiki moto kama nyasi. Simtaki mtu alale chini ya paa linalovuja ili mimi nipate utafiti.

Ninaloomba ni dogo. Mtaala wa umilisi umezipa lugha za kienyeji nafasi katika madarasa ya chini. Walimu wa Garsen, Ngao na Hola wawatume wanafunzi kwa bibi zao wakiwa na daftari: sehemu hii yaitwaje, mti wake ni upi, nani hukata, nani hufunga? Majina ya Kipokomo na ya Kiorma yaandikwe katika ukurasa mmoja, na watoto wa jamii zote mbili wasomeane. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bibi ajuaye kupinda fito akishaondoka, hakuna wa kutujengea ukuta huo.