Nino Salukvadze: Mlenga shabaha aliyeshiriki Olimpiki 10 mfululizo

Katika michezo mingi, mtu akifika miaka 35 huanza kuambiwa awapishe vijana. Nino Salukvadze wa Georgia, nchi ndogo inayopakana na Urusi, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya bastola mwaka 1988 akiwa na miaka 19. Mwaka 2024, akiwa na miaka 55, alikuwa bado analenga shabaha kwenye Olimpiki ya Paris. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya 10 mfululizo, na hakuna mwanamke aliyewahi kufikisha idadi hiyo kabla yake. Je, imewezekanaje?

Mchezo huu unachezwaje?

Nino ameshindana katika michezo miwili. Wa kwanza ni bastola ya hewa, umbali wa mita 10. Siku hizi kila mshindani hufyatua mara 60 ndani ya saa moja na robo. Duara la katikati lenye alama 10 lina upana wa milimita 11.5, karibu sawa na kifungo cha shati. Wa pili ni bastola ya risasi ndogo, umbali wa mita 25. Katika nusu yake ya pili, mshindani huanza mkono ukiwa chini, kisha ana sekunde tatu tu za kuinua na kufyatua.

Bastola hushikwa kwa mkono mmoja, bila kuegemea popote. Ncha yake ya mbele ikienda pembeni milimita moja tu, risasi hukosa katikati kwa takriban sentimita tatu. Hata pumzi huitikisa.

Kwa hiyo hapa mbio na misuli mikubwa havisaidii sana. Kinachotakiwa ni utulivu, pamoja na subira ya kushusha mkono na kuanza upya unapohisi hujakaa sawa. Mambo hayo hayapotei haraka kwa umri. Kinachosumbua ni macho, kwa sababu mlengaji lazima aione vizuri ile ncha iliyo mbele yake.

Miaka 20 bila medali

Mjini Seoul mwaka 1988, Nino aliiwakilisha Muungano wa Kisovieti, akapata dhahabu na fedha. Baadaye muungano huo ukavunjika, naye akaanza kuiwakilisha Georgia. Olimpiki nne zikapita, kuanzia 1992 hadi 2004, bila medali yoyote. Hakuacha.

Mwaka 2008 alikwenda Beijing, China. Michezo ilipokuwa inaanza, vita vikazuka kati ya Georgia na Urusi. Wanamichezo wa Georgia walifikiria kurudi nyumbani, lakini wakabaki. Siku chache baadaye Nino akashinda shaba katika bastola ya hewa. Aliyepata fedha alikuwa Natalia Paderina wa Urusi. Nchi zao zikiwa vitani, wawili hao wakakumbatiana kwenye jukwaa la washindi mbele ya dunia nzima.

Mama na mwana

Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro, Nino alishindana pamoja na mwanawe, Tsotne Machavariani, ambaye pia ni mlengaji wa bastola. Mama na mwana kushiriki Olimpiki moja kwa pamoja halikuwa limewahi kutokea.

Baada ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Nino alitangaza kustaafu. Lakini baba yake, Vakhtang, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake, alimwomba ajaribu mara moja zaidi. Mzee akafariki dunia, na binti akatimiza ombi: akafuzu kwenda Paris.

Huko hakupata medali. Kwa miaka 36 amekusanya medali tatu tu za Olimpiki: dhahabu, fedha na shaba. Lakini kila baada ya miaka minne alilazimika kufuzu upya, akishindana na wasichana ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa alipopata dhahabu yake.