Kisu cha Mfukoni: Usilipe Kabla Hujaitazama Ncha

Unamnunulia nini mwanaume ambaye tayari ana mikanda minne, soksi za kuwatosha timu nzima ya mpira na chupa tatu za manukato ambazo hajazimaliza? Wasomaji wengi wameniuliza swali hili, hasa bethidei zikikaribia, na jibu langu huwashangaza: mnunulie kisu! Namaanisha kile kidogo cha kukunja, kinachokaa mfukoni au kwenye droo ya gari. Na dada zangu, msidhani ni kitu cha wanaume tu. Kwangu kipo ndani ya mkoba, jirani kabisa na poda.

Mkiwa wawili njiani kwenda Lushoto na kapu la machungwa kwenye siti ya nyuma, ndipo mtakapojua thamani yake. Nyumbani nako kuna maboksi ya kufungua, kamba za kukata, mkanda unaohitaji tundu jipya. Tatizo ni kwamba dukani wengi wetu tunachagua kwa rangi ya mpini na mng'ao. Mimi nasema angalia ncha kwanza.

Kisu ni nadra kuvunjika katikati. Kinachokufa mapema ni ncha, kwa sababu hapo ndipo chuma kilipo chembamba kuliko kwingine kote, na hapo hapo ndipo tunapokigeuza kisu kuwa bisibisi. Kukata hakuivunji ncha. Inavunjwa na kubetua na kuzungusha, yaani kuipinda kwa upande. Mfuniko wa kopo la rangi, pini za stepla, kokwa la parachichi: hivyo ndivyo vinavyomaliza visu vya watu.

Na si hasara ya pesa tu. Shemeji yangu mmoja alikuwa anabetua kopo la rangi kwa kisu cha kukunja kisicho na loki. Ncha ikakatika, mkono ukateleza, kisu kikajikunja chenyewe huku vidole viwili vikiwa katikati. Alishonwa nyuzi nne, na harusi ya mdogo wake alihudhuria na bandeji. Picha zipo!

Kwa hiyo ukiwa dukani, mwombe muuzaji akufungulie, kisha kitazame kwa juu, upande wa mgongo. Fuata unene wa chuma kutoka kwenye mpini mpaka mwisho. Kama mgongo unabaki mnene hadi karibu kabisa na ncha, hicho kina nguvu. Kama unakonda mapema hadi kuwa kama sindano, hicho ni cha kazi laini. Halafu kiangalie kwa ubavu. Umbo ambalo mgongo wake unashuka taratibu kukutana na makali, bila kukatwa ghafla, huacha chuma cha kutosha nyuma ya ncha, na kwa watu wengi ndilo chaguo langu. Lile ambalo mgongo umemegwa kwa kubonyea ndani, kama kwenye Buck 110 ya Marekani, linapendeza ile mbaya na linachoma vizuri, ila ncha yake ni nyembamba zaidi. Lipo pia la pembe kali linaloitwa tanto, jina la kisu kifupi cha Wajapani, ambalo Wamarekani walilitengenezea toleo lao na likavuma miaka ya 1980. Ncha yake ni imara kwelikweli. Lakini jaribu kumenyea embe uone!

Muuzaji atakutajia ugumu wa chuma kwa kipimo cha Rockwell. Usibabaike. Chuma kigumu sana, cha 60 na kuendelea, kinakaa na makali muda mrefu lakini mara nyingi huwa chepesi kumeguka. Kilicho laini kidogo kinapinda kabla ya kukatika, nacho unakinoa mwenyewe jikoni. Victorinox wa Uswisi wanatumia kama 56, na sijamsikia anayelalamika. Vile vya bei ya kutupa, visivyoandikwa chochote, ncha huweza kupinda kwenye kadibodi tu.

Hao Waswisi ndio wananifurahisha zaidi. Kisu walichowapa wanajeshi wao mwaka 1891 kilikuja na bisibisi na kifungulio cha kopo, kwa sababu askari alihitaji kufungua bunduki yake na chakula cha kopo. Yaani ncha iliachiwa kazi yake! Kama unamjua mwenzi wako kuwa hawezi kuona mfuniko akauacha, mnunulie cha namna hiyo. Kumbuka tu kwamba vingi vya ukubwa wa kawaida havina loki. Opinel namba 8 ya Ufaransa, yenye bapa la sentimita 8.5, ina pete ya chuma unayoizungusha ili kisijikunje. Ni kitamu kwa matunda na nyama choma, lakini ni chembamba, kopo lisikikaribie.

Kabla ya kulipa, kikunje upitishe kidole taratibu juu ya mpini. Ncha isiguse kidole hata kidogo. Lazima izame ndani, la sivyo itatoboa mfuko na wewe mwenyewe.

Ikivunjika kidogo, usitupe. Fundi anayejua husaga upande wa mgongo mpaka ukutane na makali, haanzi na makali. Mwambie apoze kwa maji kila mara, maana chuma kikipata moto hadi kugeuka bluu kimepoteza ugumu wake, na hapo hakuna cha kunoa tena. Na mkisafiri kwa ndege, kiwekwe kwenye begi la kupakia chini, la sivyo kitabaki uwanjani.

La mwisho kwa wapenzi. Sehemu kadhaa za Ulaya wanaamini kisu cha zawadi hukata mapenzi, hivyo anayepewa hutoa sarafu ili kionekane kimenunuliwa. Mume wangu alinilipa shilingi mia tano.