Mbona Jani Hili Lina Weupe?

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wanangu. Leo anayesema ni mmea.

"Naitwa Hosta. Kwetu ni Japani, Korea na China. Zaidi ya miaka 200 iliyopita nilipelekwa Ulaya, na leo nimejaa kwenye bustani za Uingereza na Marekani, chini ya miti mikubwa. Nitazameni jani: pana, limejaa mistari kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Katikati kijani, ukingoni jeupe."

"Mjomba, huo weupe kaupaka nani?"

Swali zuri hilo! Hakuna aliyeupaka. Ukijani ni jiko la mmea. Humo mna umbijani, rangi inayonasa mwanga wa jua ili jani lipike sukari kwa maji na hewa. Weupe hauna umbijani. Haupiki. Unalishwa na jirani yake wa kijani. Ilianza kwa seli moja ya chipukizi kubadilika. Ikazaa seli nyeupe, nazo zikazaa nyingine, mpaka ukingo wote. Ndivyo hosta iitwayo Patriot ilivyochipuka kutoka kwa hosta nyingine, Francee, ikiwa na ukingo mweupe mpana zaidi. Mwaka 1997 wakuzaji wa Marekani waliichagua kuwa hosta ya mwaka.

"Basi tuiweke juani, ipike zaidi!"

Umefikiri vyema, mwanangu. Lakini msikilize mwenyewe: "Jua la mchana hunibabua! Weupe wangu huwa kahawia, ukakauka, ukapukutika. Nipeni jua la asubuhi, kisha kivuli. Nipeni mboji. Nipeni maji, ila yasituame."

Mara nyingine huchipuka majani ya kijani kitupu. Msifurahi. Yana jiko kubwa, hukua upesi na kuwafunika wenzao wenye weupe. Chimbeni chipukizi lenye majani hayo pamoja na mizizi yake, mapema. Na usiku washeni tochi: konokono hulipenda mno jani hili, hulitoboa matundu tele.

"Mjomba, itaota Mombasa?"

Hapana. Hosta hulala majira ya baridi. Majani hufa yote, na joto likirudi huchipuka upya. Bila baridi hiyo hudhoofika, na pwani yetu haina baridi hiyo. Lakini mimea yenye mabaka meupe ipo hata kwetu, kwenye vyungu vya barazani. Kesho kaitafuteni. Mkiona weupe umebabuka, mwambieni mama asogeze chungu kivulini.