Sabuni na Fuwele: Kitendawili cha Protini za Utando

Kila seli ya kiumbe hai imezingirwa na utando wa mafuta. Ndani ya utando huo mna protini ambazo ni mfano wa milango: hupitisha chumvi, hupokea ujumbe wa homoni, na ndizo zinazolengwa na dawa nyingi. Ili umbo la protini lionekane kwa miale ya eksirei, sharti kwanza protini hiyo igeuzwe fuwele, yaani molekuli zake zipangike safu kwa safu kama matofali ukutani. Makala haya yanaeleza jinsi sabuni inavyowezesha kazi hiyo, na jinsi inavyoweza kuivuruga.

Sehemu ya protini inayokaa katika mafuta huchukia maji. Ikitiwa majini pasi na kinga, protini hugandamana na kuharibika. Hapo ndipo sabuni za maabara huhitajika. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Molekuli nyingi huizingira protini kama mshipi. Sabuni ikipita kiwango maalumu, molekuli za ziada hukusanyika katika vifurushi vidogo viitwavyo miseli. Kwa oktiliglukosidi, kiwango hicho ni takriban milimoli 20 kwa lita. Kwa dodesilimaltosidi ni takriban milimoli 0.17 tu.

Matatizo huanzia hapo. Sabuni ikipungua chini ya kiwango hicho, protini huchuja na kuwa mashapo. Ikizidi mno, tone la majaribio hujitenga kuwa vijitone vya mafuta badala ya kutoa fuwele. Aghalabu ziada hii huingia kwa siri: protini inapokolezwa kwa kichujio, maji hupita, ilhali miseli kubwa husalia pamoja na protini. Tiba yake ni kutumia kichujio chenye matundu mapana zaidi, na kupima sabuni iliyobaki badala ya kuikisia.

Aidha, mshipi wenyewe waweza kuwa mnene hata ukazuia protini zisigusane. Fuwele zikitokea, huwa dhaifu. Sabuni yenye mkia mfupi hupunguza unene huo, lakini huweza kuinyima protini uthabiti wake. Yafaa basi uthabiti upimwe kabla ya kubadilisha sabuni. Hali kadhalika, si kila king'aacho ni fuwele ya protini. Huenda ikawa chumvi au sabuni yenyewe. Tone la kulinganishia, lisilo na protini, hufichua udanganyifu huo.

Historia inathibitisha kwamba kikwazo hiki hushindika. Mnamo 1982, Hartmut Michel wa Ujerumani alitangaza fuwele za kitovu cha usanisinuru cha bakteria Rhodopseudomonas viridis. Pamoja na sabuni, alitia molekuli ndogo za heptanitrioli, ambazo huaminika kupunguza ukubwa wa miseli na kuzipa protini nafasi ya kukutana. Umbo la kitovu hicho lilichapishwa mwaka wa 1985, na mwaka wa 1988 Michel, Johann Deisenhofer na Robert Huber wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ni bayana kwamba sabuni si kiyeyushi tu, bali ni sehemu ya kile kinachofuweleshwa. Mtafiti anayeipima kwa makini kama aipimavyo protini, na kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, hutambua kosa lilipo. Anayeipuuza huilaumu protini bure.