Ekrani isiyodanganya

Wamama wengi kwetu wanaishi kwa kazi ya sekretaria: kupiga maandishi ya wanafunzi, kutoa fotokopi, kutengeneza picha za paspoti na za arusi. Katika kazi ya picha, ekrani ndiyo jicho lako. Likidanganya, uso wa bibi-arusi uliouona mzuri kwenye ordinateri unatoka kwenye karatasi umezama gizani au umekuwa mwekundu kama tofali. Mteja anakataa kulipa, na wino umekwisha kuliwa.

Muuzaji atakutajia kwanza ukubwa: “Mama, hii ni inchi 27!” Muulize nukta ni ngapi. Ekrani ya inchi 24 na ya inchi 27, zote mbili zikiwa na nukta 1920 kwa 1080, zina idadi ile ile. Ya kwanza ina nukta 92 hivi katika kila inchi, ya pili 82 tu. Ni uji ule ule ulioongezwa maji. Na ile “kontrasti ya milioni” iliyoandikwa kwenye katoni, iache hapo kwenye katoni.

Kinachopita yote ni aina ya kioo. Kuna TN, VA na IPS. TN ni rahisi kwa bei, lakini ukiinama kidogo rangi zinageuka. VA ina weusi mzito, mzuri kwa filamu. IPS inashika rangi hata ukitazama kutoka kando, na kwa nyuso za watu mimi ningechagua hiyo. Ikiwa kazi yako ni kupiga maandishi tu, TN inatosha. Dolari zinazobaki zinunue karatasi.

Usinunue ekrani iliyozimwa. Nenda na kle yako yenye picha tatu: ukurasa mweupe mtupu, ukurasa mweusi mtupu, na picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama kivulini. Kwenye weupe, tafuta pembe zenye manjano na nukta zilizokufa. Kwenye weusi, tazama kama mwanga unavuja pembeni. Picha ya tatu ndiyo hakimu: ekrani mbaya inafanya shavu, nywele na kivuli kuwa doa moja, nzuri inaonyesha hata mistari ya msuko. Kisha simama kando, piga magoti, tazama tena. Wakicheka, wacheke, pesa ni zako.

Ekrani za zamani zilizokwisha kutumika zinaangazwa na taa za mirija. Taa hizo zikichoka, weupe unakuwa manjano. Za LED zinakula umeme kidogo zaidi, jambo kubwa kwa anayetumia betri. Angalia pia matundu ya nyuma. Waya wa VGA, wa tangu mwaka 1987, mara nyingi unatia ukungu kwenye herufi; ikiwa HDMI iko, tumia hiyo.

Ukifika nyumbani, weka ordinateri kwenye nukta zile zile za ekrani. Dirisha lisiwe mbele wala nyuma yake, liwe kando. Halafu shika karatasi nyeupe karibu na kioo na upunguze mwanga mpaka weupe wa viwili ulingane. Toa picha moja ndogo, ilinganishe na ekrani, ndipo upokee kazi ya arusi. Na kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, usiichomeke bila stabilizatere.