Boliti Iliyolika Kichwa

Jirani yetu wa hapa Likoni aliposafiri kwenda Maskati kuwatazama wanawe, alituachia baiskeli ya gia ya mjukuu wake, akatuambia tuitumie hadi atakaporudi. Mwanangu, ambaye miguu yake imerefuka ghafla mwaka huu, alitaka kupandisha kiti. Akatwaa ufunguo wa pembe sita kutoka katika kisanduku cha marehemu babu yake, akautia kwenye boliti inayobana nguzo ya kiti, akazungusha kwa nguvu zake zote. Ufunguo ukateleza. Pembe za lile tundu zikawa duara, na amana ya watu ikatiwa ila mikononi mwetu.

Ufunguo ule ulikuwa wa inchi, 3/16, ambayo ni milimita 4.76. Tundu lilihitaji milimita 5 kamili. Tofauti yake ni kama robo ya milimita. Jicho haliioni, lakini chuma huijua. Visanduku vya wazee wetu vimejaa spana za inchi, zilizotumika kwa baiskeli za Kiingereza za zamani. Baiskeli za gia za leo aghalabu ni za milimita.

Hata hivyo si haki kumlaumu mtoto peke yake. Sisi tunaovuka kivuko kila siku twaishi ndani ya hewa ya chumvi. Boliti ya chuma ikikaa katika fremu ya alumini, unyevu wenye chumvi huzifanya metali hizo mbili kulana, na anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona pembeni mwa boliti ndio alama yake.

Fundi wa kwanza alishauri tukate kwa msumeno wa umeme. Nilikataa. Masikio yanayoshikwa na boliti ile yamechomelewa kwenye fremu yenyewe. Yakikatika, hakuna cha kubadilisha.

Wa pili, mzee mmoja mwenye kibanda chini ya mwarobaini, hakugusa spana siku ile. Alitoa uchafu wote wa ndani ya tundu kwa sindano, akadondoshea mafuta ya taa pale boliti inapoingilia, akasema, “Mama, nenda urudi kesho.” (Nawasihi kina mama: mafuta haya yasiwekwe katika chupa ya soda hata kwa saa moja. Mtoto mwenye kiu hatazami rangi wala hanusi.)

Asubuhi yake alikigonga kichwa cha boliti kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, ili kutu ipasuke na mafuta yapenye. Kisha akachukua tupa, akakisugua kichwa kile cha mviringo pande mbili zinazoelekeana, mpaka pakawa na bapa mbili za kushikwa. Macho ya mwanangu aliyafunika kwa miwani yake mwenyewe. Alipokibana kichwa kwa koleo la kujifunga, alifanya jambo lililonishangaza: aliikaza boliti kidogo kwanza, kiasi cha unywele, ndipo akairudisha kushoto. Chuma kikalia. Akakaza tena, akarudisha tena, akaongeza mafuta. Ilitoka baada ya muda kama wa kuchemsha chai.

Nilimuuliza angefanya nini lau bapa zile nazo zingelika. Akasema angekata mfereo juu ya kichwa kwa msumeno wa chuma, atumie bisibisi bapa. Na hilo likishindikana, angekitoboa kichwa kwa kekee mpaka kianguke, masikio yaachane, kisha akamate mguu wa boliti uliobaki. Moto hakuutaja kabisa, kwa sababu ya rangi ya fremu na kwa sababu ya mafuta yale ya taa.

Tuliichukua boliti kuukuu dukani ili mpya ifanane nayo kwa unene na kwa meno. Mzee aliipaka grisi kabla ya kuifunga, akatuagiza tuifute baiskeli kwa maji yasiyo chumvi. Visima vingi vya huku havifai kwa kazi hiyo, kwa hivyo twatumia ya mvua.

Jirani alirudi Alhamisi iliyopita. Nilimpelekea baiskeli na boliti iliyolika ndani ya karatasi, nikamweleza yote kabla hajauliza. Akaigeuza kiganjani, akaitazama, kisha akauliza kama kiti kingeweza kupanda kidogo zaidi, maana mjukuu wake naye amekua.